Alama Chini ya Kiraka

Mtu akikwambia kazi yake ni kutia viraka, usimcheke haraka. Kuna wanaotia viraka suruali, kuna wanaotia viraka matairi, na kuna wanaotia viraka madaraja. Hao wa mwisho ni wachache, na mmoja wao ni mama wa makamo ambaye kazini wote humwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa geti mpaka injinia mwenyewe. Hakuna mtoto wa kaka yake hata mmoja pale. Walimpa jina hilo kwa sababu huwagombeza wote bila ubaguzi, na akishawagombeza huwagawia chai yake.

Jioni moja alirudi nyumbani mikono ikimuwasha mpaka kwenye viwiko. Gundi wanayotumia huchanganywa kwa vitu viwili, gundi yenyewe na dawa ya kuikaza, na kwa miaka mingi ngozi yake ilivumilia. Sasa ilikuwa imekataa katakata. Glavu alivaa, mafuta alipaka, shati la mikono mirefu alifunga mpaka kifungo cha mwisho, lakini wapi. Daktari alimshauri atafute kazi nyingine, naye akamwuliza daktari kama anayo moja mfukoni.

Alisimama kidogo nje ya mlango wa uani. Alikuwa anakusanya nguvu za kuingia. Kwenye kibaraza mume wake alikuwa amekaa na majirani wawili, na kwa jinsi majirani walivyonyamaza, Shangazi alijua kwamba hadithi imeshafika darajani.

"Nimelala chali chini ya boriti," mume wake alikuwa akisema. "Chini yangu ni bonde tupu, ukianguka wanakuokota kwa kijiko. Cheche zinaniangukia kifuani kama mvua. Je, mkono huu ulitetemeka?"

"Haukutetemeka, mzee," majirani waliitikia.

"Haukutetemeka! Chuma nilichokiunga mimi, wa kukitenganisha hajazaliwa."

Huyo ndiye Cheche, fundi wa kuchomelea wa zamani. Jina alipewa na wenzake ujanani, na mwenyewe alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Moshi wa kuchomelea ulimla kifua taratibu, miaka ikapita, mpaka siku moja hakuweza kupanda ngazi bila kukaa katikati. Akastaafu kwa lazima. Sasa anakaa kwenye kiti cha kamba, anakohoa, na anasimulia. Daraja lile ndilo kazi yake kubwa kuliko zote, na kila anayepita uani pale amewahi kuvushwa juu yake kwa maneno.

Shangazi aliwasalimu, akaweka mfuko wa nyanya chini, akaenda kuinjika maji ya mumewe ya kujifukiza. Sufuria ilikuwa na alama kwenye mkono wake: duara dogo lenye mkato katikati, kama kichwa cha skrubu. Zamani kila fundi aliyechomelea pale darajani alipewa muhuri wake wa chuma. Akimaliza mshono, anaugonga kwa nyundo kando yake, ili siku mshono ukiharibika baba yake ajulikane. Cheche aliondoka na muhuri wake, na katika furaha ya ujana aligonga kila kitu cha chuma ndani ya nyumba: sufuria, bawaba za mlango, koleo, vijiko vyote. Ilibidi Shangazi amwonye mapema kuhusu pete ya ndoa.

"Umechelewa, mama," Cheche alisema alipoletewa maji. "Wanakuchosha sana kule."

"Sijambo."

"Mikono vipi?"

"Ipo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao siku nyingi. Haikuwa kwamba hawapendani. Yeye alikuwa hoi, na mume alikuwa ameshamaliza maneno kwa majirani.

Sasa, mambo ya dunia yana utani wake. Daraja lililokuwa linatiwa viraka lilikuwa lilelile. Shangazi hakulichagua, kampuni ilipata kazi, akapelekwa. Alipomwambia mumewe, Cheche alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mnatia kiraka kazi yangu? Kwa kitambaa? Haya, bandikeni. Itakuwa kama kumvalisha ndovu soksi."

Lakini ndovu alikuwa ameumwa. Daraja lilikuwa limebeba magari tangu Shangazi akiwa msichana, na chuma nacho huchoka. Hakichoki kwa siku moja. Lori linapita, boriti inapinda kidogo kuliko unene wa kucha, inarudi. Linapita jingine, inapinda, inarudi. Miaka na miaka ya kupinda na kurudi, halafu mahali fulani, mara nyingi mwisho wa mshono, ufa mwembamba unaanza kutembea. Huwezi kuuchomelea tena, kwa sababu chuma cha zamani ukikitia moto upya, ufa unahamia pembeni. Kwa hiyo kinafungwa. Wanaondoa rangi na kutu kwa mashine ya msasa mpaka chuma king'ae, wanakisafisha kwa dawa, wanabandika kwanza kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo ili kaboni isiguse chuma na kuleta kutu, kisha vitambaa vyeusi vya kaboni, tabaka juu ya tabaka, kila moja likilowa gundi na kusukumwa kwa rola mpaka hewa yote itoke. Kikikauka, kiraka kile ni kigumu kuliko unavyodhani.

Na katikati ya matabaka hayo wanalaza uzi. Ni uzi wa faiba, ndugu wa ile inayoleta intaneti majumbani, mwembamba kama unywele. Ndani yake kuna sehemu zilizotiwa alama ambazo mafundi huziita macho. Ukipitisha mwanga, kila jicho hurudisha rangi yake. Jicho likivutwa, rangi inayorudi hubadilika kiasi ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona, lakini kisanduku cha kusomea kinakiona. Uzi unalazwa sambamba na nyuzi za kitambaa, maana ukikatiza juu yake unapinda na kuvunjika. Pale unapotokea ukingoni mwa kiraka lazima uvalishwe kimrija laini, la sivyo gundi ikikauka uzi utakatika palepale kama tambi mbichi. Ukikatika hapo, kiraka kimekuwa kiziwi. Hakuna wa kulaza uzi huo kama Shangazi. Aliutandaza kwa ncha za vidole, akiwa ameshika pumzi, na alipomaliza walipitisha mwanga mwekundu upande mmoja wauone upande wa pili. Uzi wake haukuwahi kuvuja mwanga njiani.

"Kiraka bila uzi ni kufunika tu," Injinia aliwaambia siku ya kwanza. Alikuwa binti wa maneno machache, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kazi yake aliijua. "Ufa unaweza kuendelea kutembea chini ya kitambaa, na sisi huku juu tunapongezana."

Tatizo ni kwamba nyuzi na visanduku havikutosha viraka vyote. Ilibidi kuchagua mishono ya kusikilizwa, na makaratasi ya daraja yalikuwa yameliwa na mchwa zamani. Kilichobaki cha kusema ni mihuri tu. Ikiwa mishono inayopasuka ina alama ya fundi mmoja, Injinia alieleza, basi huenda alikuwa na kasoro ya namna moja, na mishono yake yote iwekewe nyuzi, hata ile ambayo kwa macho ni mizima. Kwa hiyo ikawekwa sheria. Yeyote anayepiga msasa, akiona alama karibu na ufa, azime mashine na apige kelele: "Alama!" Injinia angekuja na kamera, apige picha, ndipo msasa uendelee. Maana msasa haurudishi. Pumzi mbili tu, alama ya miaka mingi imekuwa vumbi kwenye barakoa yako.

Asubuhi ya siku iliyofuata ile jioni ya nyanya, Shangazi alikuwa juu ya jukwaa, shingo imepinda, anapiga msasa chini ya boriti. Rangi ilitoka kijivu, ikatoka nyekundu, kikabaki chuma. Ufa ulikuwepo. Ulianzia mwisho wa mshono ukaingia kwenye boriti yenyewe, mweusi na mwembamba. Na kando yake, chini kabisa ya tabaka la mwisho la rangi, kulikuwa na duara dogo lenye mkato katikati.

Alizima mashine. Alifungua mdomo.

Aliiona sufuria yake. Aliwaona majirani wawili wakiitikia. Alimwona mtu mzima anayekohoa kwenye kiti cha kamba, ambaye kifua kimeondoka, kazi imeondoka, na marafiki wengi wametangulia mbele ya haki, na kilichobaki mkononi ni jambo moja tu la kujivunia. Shangazi alimhurumia. Na tuseme ukweli, alijihurumia na yeye pia, kwa sababu ndiye angelazimika kuipeleka habari hiyo nyumbani, na hakuwa na nguvu ya kuibeba.

Akawasha mashine, akaipitisha. Duara likaondoka.

"Shangazi!" mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa jukwaa aliita. Walimwita Twiga kwa urefu wake. "Mbona ulizima? Alama?"

"Hamna," alijibu. "Nafuta jasho."

Ufa ule ukaandikwa kuwa hauna mwenyewe. Injinia alikuja, akautazama, akakuna kichwa. Ulikuwa ndio ufa mkubwa kuliko nyufa zote walizozipata, na haukumwambia kitu. "Basi tutagawa nyuzi kwa nafasi sawa," alisema kwa sauti ya mtu anayepiga bahati nasibu. "Tukose tupate."

Shangazi akabandika kiraka kile kwa mikono yake. Kitambaa cheupe, vyeusi, uzi, vyeusi tena. Hakuwahi kubandika kiraka kizuri kama kile. Akitembea jukwaani siku zilizofuata alianza kuona duara lile kwenye mishono mingine, mizima, chini ya rangi iliyobabuka. Moja huku, jingine kule, mengi. Cheche hakuwa mwongo kuhusu kiasi cha kazi aliyofanya. Mishono hiyo ilikuwa itiwe viraka kama mingine, na mingi kati yake haikupangiwa uzi.

Tangu hapo kila lori lililopita juu yake lilimpitia kifuani. Zamani mtikisiko ule ulimbembeleza. Aliwahi hata kusinzia wakati wa chakula akiwa ameegemea nguzo. Sasa alihesabia kila mtikisiko kama kosa lake. Lilipita basi la abiria, akawaza abiria. Likapita lori la saruji, akawaza saruji na dereva. Usingizi ukamkimbia usiku na kumvizia mchana. Gundi ikamrukia shingoni, nako kukaanza kuwasha. Alimgombeza Twiga kwa kosa ambalo Twiga hakulifanya, na siku hiyo hakumpa chai.

Nyumbani alijaribu kuuliza kwa kupita mlango wa nyuma.

"Mzee," alisema wakati wa kula, "zile siku za darajani, ilitokea hata mara moja mkashuku mshono?"

"Wa nani?"

"Wa mtu yeyote."

"Wapo waliokuwa wanabandika tu kama wanapaka siagi," Cheche alijibu, akamenya kiazi kwa utulivu. "Mimi simo. Kwani vipi, mmeona kitu?"

"Hatujaona kitu."

"Ndiyo nikwambie. Wa kukitenganisha hajazaliwa."

Shangazi alitazama sahani yake. Alimpenda mtu huyu, na wakati huohuo alitamani kumfunika mdomo kwa kitambaa cha kaboni, matabaka yote. Aliosha vyombo, akalala akitazama ukuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje kama ukuta wenyewe unaishi nao nyumba moja.

Mwishowe hakusukumwa na ushujaa wala malaika. Alichoka tu. Ilikuwa siku ya kulaza uzi wa mwisho. Uzi ulikuwa umeviringwa kwenye kigurudumu chake kidogo, Injinia amesimama kando anaonyesha kiraka kilichopangwa, na Shangazi akanyoosha mkono kuupokea, mkono ukakataa kwenda. Aliketi juu ya mbao za jukwaa, miguu ikining'inia.

"Ule ufa mkubwa," alisema, "ulikuwa na alama. Duara lenye mkato. Niliifuta."

Injinia alimtazama kama hajasikia vizuri. "Uliifuta kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi. Ni ya mume wangu."

Twiga aliacha kusukuma rola. Gari lilipita juu, jukwaa likatetemeka, likatulia.

"Shangazi," Injinia alisema polepole, "nimegawa nyuzi zote hizi kama mtu anayerusha mahindi kwa kuku. Watu wanapita juu hapo. Watoto wanapita."

"Najua."

"Ungenong'ona tu. Nisingemtangaza mtu kwenye redio."

"Najua, mwanangu. Nimekosa."

Injinia hakusema pole, na alikuwa na haki. Alimwondoa kwenye msasa siku hiyohiyo, akamwambia sheria ikivunjwa tena asubiri barua ya kuachishwa. Kisha akapanda ngazi mwenyewe na tochi, akaanza kutafuta maduara. Uzi ule wa mwisho ulibadilishiwa njia. Nyingine zilizokuwa hazijafunikwa zilihamishwa, na viraka kadhaa vya mishono ya Cheche vikavuliwa vikiwa bado vibichi, vikawekewa nyuzi, vikafungwa upya. Kazi hiyo ya kurudia aliifanya Shangazi, bila kulalamika, kwa vidole vilivyovimba.

Haikupita muda mrefu. Kwenye skrini ndogo ya kisanduku, kila gari linapopita, mstari wa kila jicho hupanda na kushuka, na jicho lisilo na ufa chini yake hupanda kiasi kilekile kwa mzigo uleule. Jicho moja, chini ya kiraka cha mshono wa Cheche ambao kwa macho haukuwa na dosari yoyote, likawa linapanda zaidi kidogo kila siku. Injinia alipima tena usomaji ule, akabadilisha waya, akapima tena. Kisha akafunga upande mmoja wa barabara na kuamuru kiraka kivuliwe. Chini yake walikuta ufa mwembamba kiasi kwamba mpaka walipopaka dawa ya rangi ndipo ulipojichora. Walitoboa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee kutembea, wakafunga kiraka kinene zaidi, na uzi mpya ndani. Mstari ukatulia.

Wafanyakazi walipiga makofi. Shangazi hakupiga. Alikwenda nyuma ya kibanda cha vifaa, akalia kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa amefikiria ambacho kingetokea kama angeendelea kunyamaza.

"Nataka kumwona mzee," Injinia alimwambia jioni. "Simwendei kwa shari. Bado kuna mishono yake sijui niipange vipi. Ye ndiye aliyekuwepo."

Shangazi alifika nyumbani na hakuweza kusema lolote isipokuwa kwamba siku ya mapumziko atakuja mgeni kutoka kazini. Ndani yake alijua kwamba siku hiyo atamwona mume wake akianguka mbele ya mgeni, na kwamba ni yeye aliyefungua mlango.

Injinia alikuja asubuhi. Cheche alikuwa amevaa shati la kola na kunyoa ndevu. Injinia alimwamkia, shikamoo, akaketi, akaeleza yote bila kupaka mafuta: ufa mkubwa, ufa wa pili, alama. Shangazi alisimama mlangoni ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, hakika hakujua kwa nini amekishika.

Cheche alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo ya kwanza iko upande wa mto unakotoka au unakokwenda?"

"Unakotoka."

"Nguzo ya tatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapo tulichomelea msimu wa mvua. Vijiti vya kuchomelea vililowa stoo. Kijiti kikilowa, mshono unaingiwa na hewa ndani, na chuma kinakuwa kikavu, hakina uvumilivu. Tulivikausha juu ya jiko la mkaa, lakini jiko la mkaa si tanuri. Msimamizi alitaka daraja lifunguliwe." Akakohoa, akanyoosha kidole, akachora hewani. "Kwa hiyo tafuta kuanzia hapo mpaka nguzo ya tano. Hiyo yote ni ya vijiti vile. Baada ya hapo mvua ilikatika, ikaja shehena mpya. Huko usipoteze nyuzi zako."

Injinia aliandika haraka. Aliuliza mengine, akajibiwa. Walikaa wakizungumza kama watu wa kazi moja, na mara mbili Cheche alisema hajui, kwa wepisi kabisa, kama mtu anayesema hana kiberiti. Majirani walichungulia kwenye uzio, wakaona hadithi ya leo siyo ile waliyoizoea, wakaenda zao.

Injinia alipoaga, Cheche alimsindikiza mpaka mlango wa uani kwa hatua zake za kupumzika. Aliporudi alikaa, akavuta pumzi zake zilizobaki, akasema:

"Yule binti kasema ile alama ya kwanza haikupigwa picha. Ilifutika."

"Niliifuta mimi," Shangazi alisema.

"Wewe?"

"Kwa msasa. Niliiona, nikaifuta, nikasema hamna."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

Shangazi alitegemea hasira, na angeipokea vizuri, maana hasira angejibishana nayo. Haikuja. Mume wake alimtazama tu, na uso wake ulionyesha maumivu ambayo Injinia na habari zake zote za nyufa hakuyaleta.

"Mama," alisema, "mimi nimechoma chuma maisha yangu yote. Unadhani sijui kwamba chuma kinapasuka? Hakuna mshono usiopasuka, ni suala la lini. Yale ya wa kukitenganisha hajazaliwa ni ya majirani. Ni ya kupitishia jioni." Akafuta mdomo. "Wewe nilidhani unajua."

Kwa miaka yote ile Shangazi alipita na sufuria yake mbele ya hadithi ileile, amechoka, akidhani ndiyo yote aliyonayo mume wake, akaapa kuilinda, akahatarisha daraja zima kwa ajili yake. Hakuwahi hata mara moja kukaa amwulize ilikuwaje. Naye mume, kwa kuona mkewe amechoka, hakuwahi kumwambia.

"Sikujua," alisema. "Nisamehe."

Alikitupa kile kitambaa juu ya meza, akavuta kigoda, akaketi karibu na kiti cha kamba mpaka magoti yao yakagusana. Mikono ilikuwa inawasha, aliiacha iwashe.

"Nisimulie basi ule mshono," alimwambia. "Si ule wa majirani."

Cheche aliitazama mikono yake.

"Siku ile nilikuwa naogopa," akaanza.